Kabla Baba Mkubwa Hajafika Ifunda

Soweto, Mbeya
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimekusudia kukueleza kila kitu, hata yale ambayo tukikaa wawili jikoni huwa nayameza, kwa hiyo nakuomba utafute mahali pa kukaa kabla hujaendelea. Tafadhali usimpe kaka Philbert akusomee. Najua macho yanakusumbua jua likishatua, lakini wewe ndiye msomaji wa jumuiya, na kama unaweza kusoma Waraka kwa Waebrania mbele ya watu wote bila kukwama, mwandiko wangu hautakushinda.

Kifua kimepoa? Tangu niondoke hapo mwezi wa sita nimekuwa kama ninakusikia ukikohoa, ingawa niko mbali. Na baba, mguu wake umekubali kuvaa kiatu? Natumaini mahindi yamekwisha kupukuchuliwa na hayakunyeshewa. Sisi huku ni wazima. Baridi ya Mbeya bado imetukalia, asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, lakini nina sweta mbili na blanketi zito, kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Masomo yanaendelea. Katika mtihani wa muhula niliongoza Kiswahili na nikafanya vizuri Biolojia. Hesabu ndiyo inayonitazama kwa jicho baya.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu ya baba huwekwa sauti ya juu, na nikipiga mimi nyumba nzima inajibu. Mdogo wetu Joachim anaimba, dada yake Veneranda anauliza kama nimeona nguo mpya sokoni, na baba anasema tufupishe, salio linakwisha. Huku nako natumia simu ya Mama Mkubwa, naye anakuwa hapohapo kwenye mashine yake anafuma masweta ya shule. Ninachotaka kusema hakisemeki huku watu wawili ambao wote ni mama zangu wanasikiliza. Jofrey, dereva wa Baba Mkubwa, anapeleka mchele Iringa kesho, na ameahidi kusimama Ifunda akukabidhi bahasha hii mkononi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine. Amenicheka, akaniuliza kama nimeanza kuandikia wachumba. Nimemwambia ndiyo, mchumba wangu ana miaka arobaini na mitano na anaitwa Mama Philbert.

Sasa nianze na habari kubwa. Mama Mkubwa ni mjamzito. Baba Mkubwa anataka awaambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa hiyo akifika hapo na mkashangaa, tafadhali mshangae vizuri.

Niliporudi kutoka kwenu nilimkuta hawezi kuvumilia harufu ya kitunguu. Yeye ambaye hakuna kinachopikwa nyumba hii bila kitunguu! Nilidhani ni malaria. Jumapili moja baada ya misa aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kuliko sauti yake ya kila siku. Alisema ananiambia mimi kabla ya shangazi zangu na kabla ya dada zake kule Tukuyu, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa naye. Halafu akalia, akacheka, akaniambia niende nikaangalie maharage yasiungue.

Mama, umesali nao kwa ajili ya jambo hili kwa miaka mingi, na mimi pia nimesali. Nilifurahi. Nataka uliamini hilo kabla sijasema mengine, kwa sababu mengine si mazuri. Nikiwa nakoroga yale maharage, wazo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa hili: sasa wamepata wao, kwa hiyo mimi nitarudi nyumbani.

Siku mliponileta huku naikumbuka kidogo sana. Sikuwa nimeanza darasa la kwanza. Bibi, Mungu amrehemu, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ndivyo ilivyofanywa kwetu tangu zamani: kaka akikaa katika ndoa bila mtoto, mdogo wake humpa mmoja, ili nyumba isiwe kimya. Hakuna aliyefanya ubaya. Baba alimpa kaka yake mtoto, na kaka yake akampokea kwa mikono miwili. Mama Mkubwa akaanza kuitwa Mama Rozalia na majirani wote, na anaitwa hivyo mpaka leo, hata na wauza vitunguu wa sokoni. Nami nikapata chumba changu na meza ya kusomea, shule nzuri, mwalimu wa ziada wa Hesabu, na mchele wa Madibira ambao Baba Mkubwa huuchagua mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake kabla haujafika dukani.

Kila mtu huniambia nishukuru. Katekista ananiambia, walimu wananiambia, na shangazi akija ndilo neno la kwanza baada ya salamu. Na ninashukuru, mama. Nimeshukuru mpaka neno lenyewe limekuwa kama bazoka iliyotafunwa toka asubuhi. Maana kila usiku baada ya kumaliza sala zote nilikuwa naongeza moja ya kimyakimya, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa naomba nirudi kukaa na wewe.

Kwa sababu hiyo nilikuja likizo ya mwezi wa sita nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Sikutaka kupumzika. Nilitaka kuamka na Veneranda, tuvune, tubebe, uniite mvivu kama unavyowaita wenzangu. Badala yake ulitandika kitenge kipya juu ya kiti, ukaniambia nikae. Ukachinja kuku. Firigisi, ambayo ni ya baba, ukaniwekea mimi mbele yake. Asubuhi nilikuta maji ya moto tayari kwenye beseni. Nilipochukua kikapu ili nifuatane na wengine shambani ulikishika, ukasema, "Kaa mwanangu, utachafuka." Majirani wakaja kunisalimia, mkawa mnaongea Kihehe, halafu mnageukia Kiswahili kwa ajili yangu, kama mnavyofanya na bwana shamba. Nilikaa pale kwenye kile kiti jua likanipiga upande mmoja, na nilitamani kulia kuliko siku niliyopata sifuri ya Hesabu.

Nilidhani hunipendi, mama. Nisamehe. Nilidhani umeshazoea kwamba mimi si wako, na yule kuku ndiyo njia yako ya kuniambia.

Siku mbili kabla sijaondoka tulikosana na Veneranda, na sijui kama alikusimulia. Alikuwa amevaa viatu vyangu vya shule, akitembea uani huku amebinua mdomo, anajifanya mwanamke wa Soweto anayewauliza watu bei ya kila kitu. Alichekesha kweli, Joachim alikaa chini kwa kucheka. Mimi nikajisahau, nikamwambia afadhali yeye anakaa na mama. Veneranda akaacha kucheka. Akaniuliza, "Afadhali mimi?" Akasema basi tubadilishane kesho asubuhi, mimi niende shule ya kata kwa miguu na baridi ile, yeye akalale kwenye chumba chenye mlango wake. Akasema kwamba huyo mama ninayemlilia huwa anamwona jioni tu, akiwa amechoka, na neno analolisikia kutoka kwake ni nani hajaosha sufuria.

Nikamwambia niko tayari, hata sasa hivi. Akavua viatu, akavipanga vizuri miguuni kwangu, akasema, "Unasema hivyo kwa sababu unajua hakuna atakayekuambia ubaki."

Lilinichoma kwa sababu ni kweli. Baadaye jioni alinionea huruma, akaja kukaa karibu yangu kwenye ngazi ya jikoni. Akaniambia kwamba kabla sijafika uliwakusanya wote ukawaonya wasinitume kazi yoyote. Kwamba ukishampa kaka wa mume wako mtoto, huwezi tena kumwamrisha, itaonekana unamdai. Na kwamba Baba Mkubwa akisikia nimepewa jembe atafikiri mmenigeuza kijakazi katika nyumba ya baba yangu mwenyewe. Nilimuuliza kama ni wewe uliyesema hayo au ni yeye anayatunga. Akasema, "Ee, kama mimi ningekuwa na akili ya kutunga hivyo ningekuwa wa tatu kutoka mwisho darasani?"

Kwa hiyo nilirudi Mbeya nikijua kwamba ile heshima yote uliyonipa ilikuwa kwa ajili ya Baba Mkubwa na Mama Mkubwa. Lakini kujua hakukunitosha. Bado niliomba sala yangu. Ndipo likaja hili la Mama Mkubwa, nami, kama nilivyosema, nikaanza kufungasha kichwani huku nakoroga maharage.

Sasa nikueleze wasiwasi wangu, kwa sababu huo ndio unaoniandikisha.

Wiki moja haikupita, Shangazi Faustina akaja kutoka Makambako. Unamjua shangazi, akiingia hata paka wanajua. Alimkumbatia Mama Mkubwa, akasema sasa atapata jina lake mwenyewe, aache kutembea na jina la kuazima. Akaniangalia mimi nilivyosimama na sinia la chai, akasema, "Na wewe binti, shukuru sana, umesomeshwa mpaka hapo, sasa utakwenda kumsaidia mama yako." Alisema kwa upole kabisa. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kukimbilia nje kutapika, sijui kama alisikia. Baba Mkubwa alisikia. Alichovya mkate kwenye chai, akautazama mpaka ukakatika ukazama.

Tangu siku hiyo kila kitu nikakiona kwa jicho lingine. Mama Mkubwa alikuja kupima dirisha la chumba changu, nikajua chumba ni cha mtoto. Baba Mkubwa aliuliza kama muhula huu ada ya mwalimu wa ziada imeshalipwa, nikajua ndio mwisho. Halafu mwishoni mwa mwezi wa saba, tukiwa mezani, akasema Jumamosi ya tarehe kumi na saba Agosti atakwenda Ifunda, ana mazungumzo na mdogo wake. Hakusema mazungumzo gani. Mama Mkubwa akasema ni vizuri, mambo ya familia yazungumzwe mapema. Nami nikaomba ruhusa nikaoshe vyombo.

Nilifikiri ningefurahi. Si ndicho nilichokuwa naomba? Lakini mama, nilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Na kuanzia hapo nikaanza kufanya mambo ambayo sikuyapanga. Naamka kabla ya wote. Nafua hata mashuka ambayo si machafu. Chakula naweka kidogo. Darasa letu lina safari ya Jiografia kwenda kuona Ziwa Ngosi, sikuwaambia, ili wasiseme nina gharama. Na nikipewa chochote, hata kijiko, nasema asante, asante sana, Mungu awabariki.

Mama Mkubwa alivumilia kwa muda. Halafu juzi alinikuta napiga deki kibaraza ambacho nilikuwa nimekipiga deki asubuhi. Akaninyang'anya lile tambara. Wewe unajua anavyosema, haanzi na shikamoo. Akaniuliza, "Rozalia, kuna nini? Mbona siku hizi unatushukuru kama mtu aliyekuja kutembea?" Nikasema hakuna kitu. Akasema kama hakuna kitu basi nikafumue lile pindo la shingo ya sweta nililofuma jana, maana hajui kama nilifuma au nilitafuna, na mtoto wa watu hawezi kwenda shule na shingo ya namna ile. Nikaenda kufumua. Na nikiwa pale nafumua, uzi unanizunguka vidole, nikagundua kitu ambacho pengine mtu mwenye akili zaidi angekigundua zamani. Katika maisha yangu yote hapa Mbeya hakuna siku hata moja Mama Mkubwa amenipa kiti cha wageni. Amenifokea. Amenirudisha dukani kwa sababu chumvi niliyoleta si ile. Amenisuka nywele nikilia, amenichapa kwa mwiko nilipodanganya, amenikataza kula kabla sijamaliza Hesabu. Na mimi nikawa naandika hayo yote kichwani upande wa madeni, mama. Nilikuwa nasema angalia, mama yangu mzazi asingenifanyia hivi, mama yangu mzazi alinichinjia kuku. Nimeyasoma mambo kichwa chini miguu juu, kwenu na kwao.

Sasa nifike kwenye kliniki, halafu nitaacha kukuchosha.

Jumatatu iliyopita shule ilikuwa imefungwa kwa siku moja, na Baba Mkubwa alikuwa Madibira kwenye mpunga, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza Mama Mkubwa zahanati. Tulikaa kwenye benchi na akina mama wengi, wengine wana matumbo makubwa, wote wamevaa vitenge juu ya masweta. Mimi nilishika mkoba wake. Nesi alikuwa anauliza maswali palepale mlangoni, kwa sauti, maana chumba chake ni kidogo na hakina mlango wa kufunga. Ilipofika zamu yetu akamuuliza jina, akamuuliza umri, akaguna. Akamuuliza ana watoto wangapi.

Mama Mkubwa akasema, "Mmoja."

Nesi akauliza kama yuko hai. Akasema yuko hai, ndiye huyo hapo ameshika mkoba kama umejaa mayai. Watu wakageuka kuniangalia. Nesi akaandika. Akauliza kama mtoto huyo alizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji.

Mama Mkubwa akajifunga kitenge chake upya. Nilitazama chini, nikasema moyoni, hapa sasa atasema. Naye akasema, "Huyo alikuja na basi."

Mama, akina mama wale walicheka mpaka mmoja akashika tumbo akaomba msaada. Nesi aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, hapa pana kawaida na pana upasuaji. Basi halipo." Mama Mkubwa naye alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Akamwambia kwamba anaelewa anachotaka kujua, basi aandike tumbo hili halijawahi kubeba. "Lakini kwenye watoto usiniandikie sifuri," akasema. "Huyu aliyemo ndani ni wa pili." Nesi alimtazama, akanitazama mimi, akafuta kitu, akaandika kitu. Akasema haya, wa pili, panda kwenye mzani.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Nililia kwa namna ambayo hata mlinzi aliniuliza kama nimefiwa. Mama Mkubwa akatoka. Alinipa leso yake, akasema nimechelewesha foleni na kwamba ana hamu ya ndizi za kuchoma. Tukanunua, tukala tukitembea.

Basi, mama, hili ndilo neno lenyewe. Nimelizunguka kurasa zote hizi. Sitaki kurudi. Nimeomba miaka yote nirudi kwako, na sasa mlango unaelekea kufunguka, na ninaogopa nisije nikasukumwa nipite. Nataka kubaki hapa. Nataka kumaliza kidato cha nne hapa, nimbebe huyo mtoto mgongoni akizaliwa, nifokewe kwa ajili ya pindo. Nimeandika hivyo na dari haijaniangukia, lakini najua wewe unasoma, na sijui uso wako ukoje sasa. Tafadhali usiukunje uso. Hamu yangu ya kukaa na wewe haikuisha. Iko palepale, sijui kama itaisha, labda nitazeeka nayo. Ila nimeona kwamba inaweza kukaa ndani yangu pamoja na hii nyingine bila moja kuifukuza nyingine.

Sasa nikueleze ninachokihofia Jumamosi, na hapa ninakuhitaji. Nawafahamu baba zangu wote wawili. Ni watu wa heshima mno. Baba akisikia habari ya mimba atasema, kwa adabu, kaka, Mungu amekukumbuka, kama mtoto wetu anakuelemea sisi tuko tayari kumpokea. Hatamaanisha kwamba ananitaka. Atakuwa anampa kaka yake nafasi. Baba Mkubwa naye atasikia kwamba mnanitaka, na kwa adabu atasema sawa, mdogo wangu, damu ni yenu, siwezi kuwanyima. Hatamaanisha kwamba amenichoka. Kisha watashikana mikono, watakunywa ulanzi, na mimi nitakuwa nimehamishwa kwa heshima tupu bila mtu hata mmoja kutaka. Tena wote watalala vibaya siku hiyo, na hakuna atakayesema. Nakuomba uwe karibu. Beba hata kikombe cha maji uingie nacho. Baba akianza ile sentensi yake, kohoa. Au sema tu kwamba mtoto ni mkubwa sasa, aulizwe. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na silaumu, nilikuwa mdogo. Lakini mwezi wa kumi natimiza miaka kumi na saba.

Huenda pia nimekosea. Huenda Baba Mkubwa anakuja kuomba mbegu ya alizeti tu. Jana usiku nilijiambia hivyo nikapata usingizi kidogo.

Na kuhusu Veneranda. Nilifikiri niwaombe huku wamchukue naye aje asome, hata kwa muhula mmoja, kwa sababu anastahili chumba chenye mlango. Nilipolifikiria tu nikaona wivu umenishika, nikajiambia Rozalia, una roho ndogo kama punje. Bado sijaushinda. Lakini nitalisema, nikishajua mimi mwenyewe nasimama wapi. Kwa sasa nimempa Jofrey vile viatu vyangu vyeusi ampelekee. Mwambie ni vyake, asinirudishie, na aache kubinua mdomo akivivaa.

Jambo moja tena, nalo si ombi dogo. Desemba nikija, kile kiti chenye kitenge kirudishe ndani. Nitume maji. Nipe jembe lenye mpini mbovu. Firigisi mpe baba, ni yake. Kama Baba Mkubwa atalalamika, nitamjibu mwenyewe.

Nisalimie sana baba, umwambie asikanyagie ule mguu kwa ukaidi. Msalimie Philbert, mwambie hongera kwa pikipiki lakini avae kofia. Mbusu Joachim kwenye lile pengo la meno. Wasalimie wanajumuiya wote, na Mama Sedekia pale jirani aliyeniletea maparachichi. Mama Mkubwa angekusalimia, ila hajui kwamba naandika. Anafikiri nafanya Hesabu, na kwa namna fulani ni kweli.

Jofrey atapita tena Ifunda Jumatano akirudi, atapiga honi mara mbili. Najua una kazi na huna muda wa kuandika kurasa. Andika mstari mmoja nyuma ya karatasi hii hii, umpe. Wala usinijibu kuhusu mengine yote, hayo tutayamaliza tukionana. Nijibu hili tu, na nijibu kweli hata kama litaniuma: mtu asiyekujua akikuuliza njiani una watoto wangapi, mama, unasema watatu, au unasema wanne?

Mwanao,
Rozalia